Miksi ya roki ya nyumbani: mwongozo kamili wa kuondoa uji kwenye wimbo wako

Tangu msimu wa korosho uliopita vijana wamekuwa wakiniletea nyimbo za roki kwenye flashi. Wengine ni wa hapa hapa Mtwara mjini, Shangani na Ligula, wengine wanapanda bajaji kutoka Mikindani. Wamerekodi vyumbani mwao, wameimba kwa moyo, na karibu wote wamekwama mahali pamoja.

Magitaa yamefunika kila kitu. Mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya pipa. Dramu ni kama mtu anagonga ndoo nyumba ya jirani. Nikiwauliza walijaribu kurekebisha vipi, jibu ni neno moja: niliongeza. Aliongeza sauti ya mwimbaji, kisha gitaa likaonekana dogo akaliongeza, kisha besi, mwisho kila kitu kiko juu na hakuna kinachosikika. Huo ndio uji.

Kwenye roki uji unakuja upesi kuliko kwenye singeli au bongo fleva, kwa sababu gitaa lenye distoshoni (ule mkwaruzo wa gitaa la umeme) linajaza masafa ya kati yote, yaani sauti zisizo nzito sana wala kali sana, palepale anapokaa mwimbaji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni kupunguza, tena kwa mpangilio. Fuata hatua kwa namba zake. Ukitoka hatua ya 3 ukarukia ya 6, utarudi tu.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kompyuta na programu ya kumiksi, yaani ya kuchanganya sauti zote ulizorekodi ziwe wimbo mmoja. Mimi natumia Reaper, na mifano yote hapa ni yake. Inakupa siku 60 za kujaribu bila malipo na hata kompyuta ya zamani inaibeba. Ekwalaiza yake (ya kupunguza au kuongeza masafa fulani ya sauti) ni ReaEQ, kompresa (ya kubana sauti zilizopanda sana) ni ReaComp, na zinakuja nayo ndani. Kama una programu nyingine, mambo ni yale yale.

Hedifoni za waya zinazofunika sikio zima. Usimiksi kwa hedifoni za Bluetooth. Sauti inafika imechelewa na imebanwa, utarekebisha kasoro ambazo hazimo kwenye wimbo.

Spika moja ndogo isiyo na besi. Simu yako inatosha. Hii si anasa, utaona kazi yake hatua ya 4.

Wimbo wa kulinganishia. Chagua wimbo mmoja wa roki uliomiksiwa vizuri, wenye vyombo kama vyako na kasi inayokaribiana. Tafuta faili safi, usitumie nakala iliyopita WhatsApp mara kumi.

Daftari na kalamu. Kila unachosikia kibaya unakiandika kwanza, unakirekebisha baadaye.

Godoro au mablanketi mazito, kwa ajili ya kurudia sehemu zilizorekodiwa vibaya. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani achana nazo. Zinapunguza kidogo sauti kali za juu na kuiacha besi ikizunguka chumbani kama zamani. Godoro nene lililosimamishwa kwenye kona, au nyuma ya mwimbaji, linafanya kazi ya kweli.

Tenga vikao viwili au vitatu vya saa mbili mbili. Sikio lililochoka haliwezi kuamua kitu.

## Hatua ya 1: Sikiliza kila traki peke yake na urudie iliyoharibika

Hakuna plagini (programu ndogo ya kurekebisha sauti) inayotibu rekodi mbovu. Vaa hedifoni, sikiliza traki (rekodi ya chombo au sauti moja) moja moja toka mwanzo hadi mwisho, na uandike.

Kwa mazingira yetu, haya ndiyo ninayokutana nayo zaidi:

Feni. Joto la pwani linatufanya tuiache ikizunguka wakati wa kurekodi, na mvumo wake unaingia kwenye kila traki ya maiki. Ukiwa na traki kumi, una feni kumi. Zima, rekodi mistari minne, washa, pumzika. Alfajiri kabla ya jua kupanda ndio muda mzuri, ukiisha kupita wakati wa adhana na majogoo yakitulia.

Mvua juu ya bati. Kuanzia Desemba hadi Aprili usipange kurekodi uimbaji mchana mzima ukitegemea bahati. Rekodi gitaa na besi kwa waya siku za mvua, weka uimbaji akiba kwa siku kavu.

Mvumo wa umeme. Umeme wetu una mzunguko wa 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde), kwa hiyo kama kuna tatizo la waya wa ardhini utasikia mngurumo wa 50 na 100 Hz. Chomoa chaja ya laptopu, rekodi kwa betri, na usogee mbali na taa na chaja za simu. Mara nyingi mngurumo unapungua papo hapo.

Gitaa kutolingana. Hewa ya chumvi inakula nyuzi, na joto likibadilika nyuzi zinahama. Pima nyuzi kabla ya kila kipande, sio mara moja asubuhi. Besi ikiwa imehama hata kidogo, uji unaanzia hapo na hutauondoa kwa ekwalaiza.

Gitaa lisilo na kabati. Hili nalieleza kwa urefu kidogo kwa sababu limewasumbua wengi. Ukichomeka gitaa moja kwa moja kwenye saundi kadi (kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta) na kuweka plagini ya distoshoni tu, utapata sauti ya nyigu ndani ya chupa. Gitaa la roki tulilolizoea masikioni limepitia spika ya amplifaya, na spika ile inakata sehemu kubwa ya sauti za juu. Kwa hiyo baada ya plagini ya amplifaya lazima iwepo plagini inayoiga kabati la spika. Neural Amp Modeler ni ya bure na inaweza kubeba vyote viwili. Angalia tu kama sauti uliyopakia ina kabati ndani yake. Kama haina, ongeza.

Na hapo hapo, punguza distoshoni. Teremsha ile nobu mpaka uone imepungua kuliko unavyopenda, kisha iache hapo. Ukicheza peke yako distoshoni nyingi inaonekana nguvu. Ukirekodi gitaa mbili au nne juu ya nyingine, distoshoni zinajumlishana, mpigo wa kidole unapotea na kinachobaki ni mvuke.

Umefaulu ukiona: kila traki, ikisikilizwa peke yake, inaeleweka. Huhitaji iwe tamu, iwe safi tu.

## Hatua ya 2: Panga meza ya kazi

Hifadhi nakala ya projekti kwa jina jipya kabla hujagusa kitu. Wezesha kujihifadhi kila baada ya dakika chache; umeme ukikatika ghafla na unatumia kompyuta ya mezani, utashukuru.

Ipe kila traki jina linaloeleweka: kiki (dramu kubwa ya mguu), sneya (dramu ndogo yenye mpasuko), matoazi, besi, gitaa kushoto, gitaa kulia, mwimbaji, waitikiaji. Weka rangi. Kisha unda makundi manne, dramu, besi, magitaa na sauti za watu, ili uweze kushusha magitaa yote kwa kidole kimoja.

Kata kimya. Mahali mwimbaji haimbi, ondoa kipande hicho na uweke mfifio mfupi wa sekunde 0.01 kila mwisho wa kipande, usije ukasikia kidoko. Pumzi za kabla ya mstari ziache, mtu anayeimba anapumua.

## Hatua ya 3: Weka viwango, kisha kagua mawimbi yasipingane

Teremsha kila traki mpaka vilele vyake vicheze kati ya −12 na −10 dB (kipimo cha ukubwa wa sauti; sifuri ndiyo mwisho). Traki zikichezwa zote pamoja, masta (traki ya mwisho ambako zote zinakutana) isipite −6 dB.

Sababu ni kwamba traki zinajumlishana. Kumi zilizoko karibu na sifuri zikikutana kwenye masta, sauti inapasuka kwenye faili unalotoa. Pia plagini nyingi zinazoiga vifaa vya zamani zimetengenezwa zipokee sauti ya wastani. Ukizimwagia sauti kubwa zinakwaruza hata usipotaka.

Onyo: usiweke limita (plagini inayozuia sauti isivuke kiwango ulichoweka) kwenye masta sasa. Itakuficha kosa kwa saa tatu na utaligundua mwishoni.

Halafu jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Kama chombo kimoja kimerekodiwa na maiki mbili, au besi umeichukua kwa waya na kwa maiki ya amplifaya kwa pamoja, mawimbi yake yanaweza kupingana. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo maiki iliyo mita moja nyuma inachelewa karibu milisekunde 3. Wimbi moja likipanda lingine linashuka, na besi inatoweka mbele ya macho yako.

Cheza traki mbili hizo pamoja, kisha bonyeza kitufe cha kugeuza wimbi kwenye moja yake. Upande wenye besi nene zaidi ndio sahihi. Basi.

## Hatua ya 4: Miksi kwa feda peke yake

Ungeniomba nikufundishe hatua moja tu, ningekufundisha hii. Zima plagini zote isipokuwa amplifaya na kabati la gitaa. Shusha feda zote (vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti ya kila traki) chini kabisa. Igeuze masta iwe mono, kila kitu kitoke katikati.

Watu wanakataa mono kwa sababu wimbo unaonekana mbaya. Ndiyo, na ndiyo maana tunaitumia. Kwenye stereo vyombo vinaonekana vimeachana hata kama vinagombania masafa yale yale. Kwenye mono ugomvi unasikika wazi, na feda ikiwekwa sawa huku vyote vimebanana, ukifungua stereo baadaye wimbo unapumua.

Punguza sauti ya hedifoni mpaka mtu akikuita kwa sauti ya kawaida chumbani umsikie. Sikio la binadamu linasikia besi na sauti kali vizuri zaidi zinapokuwa kubwa. Ndiyo maana ukipandisha kila kitu kinaonekana kitamu, na ukishusha ukweli unajitokeza. Isitoshe, masikio haya ndiyo hayo hayo, hayana spea.

Sasa pandisha kwa mpangilio huu:

Anza na kiki na sneya. Ziweke mahali pazuri na usiziguse tena, ndizo kipimo chako.

Leta besi. Pandisha mpaka uisikie ikishikana na kiki, kama mtu anayetembea hatua moja na mwenzake. Besi ikisikika yenyewe imejitenga, imezidi.

Leta mwimbaji. Ndiyo, kabla ya magitaa. Mwimbaji akae mahali ambapo kila neno linaeleweka juu ya dramu na besi.

Ndipo ulete magitaa. Yapandishe taratibu kutoka kimya, na mara tu neno moja la mwimbaji linapoanza kupotea, simama, rudi nyuma kidogo. Hapo ndipo mahali pake.

Mpiga gitaa atalalamika. Kijana mmoja alinyanyuka kabisa kwenye kiti nilipoteremsha gitaa lake. Nilimwomba asikilize wimbo wake wa kulinganishia kwa spika ya simu. Alishangaa kwamba katika wimbo anaoupenda miaka yote, kinachosikika mbele ni sneya na mwimbaji, gitaa liko nyuma yao limeegemea ukuta. Ukubwa wa gitaa la roki unatokana na besi iliyo chini yake na dramu zilizo mbele yake. Lenyewe peke yake ni jembamba.

Kama umewahi kusimama karibu na sindimba inachezwa uwanjani, unalijua jambo hili tayari. Ngoma ndogo inalia juu, kubwa inatikisa kifua, na bado anayeimba unamsikia bila maiki. Kila mmoja ana mahali pake.

Tumia saa nzima hapa kama inahitajika. Kisha cheza kwa spika ya simu. Kama wimbo unaeleweka kwenye simu bila plagini yoyote, zaidi ya nusu ya kazi imekwisha.

Umefaulu ukiona: unaweza kufuata maneno yote, unajua sneya iko wapi, na mguu wako unatikisika wenyewe.

## Hatua ya 5: Gawa kushoto na kulia

Fungua stereo. Kiki, sneya, besi na mwimbaji mkuu wabaki katikati. Gitaa la kwanza la kukwaruza lipeleke kushoto mpaka mwisho, la pili kulia mpaka mwisho. Waitikiaji waweke nusu njia, huku na huku. Gitaa la solo likae katikati au karibu na katikati, kwa kuwa wakati wake mwimbaji amenyamaza.

Sasa onyo kubwa. Gitaa la kulia lazima liwe limepigwa mara ya pili, kwa mkono, toka mwanzo. Ukinakili traki ile ile na kuweka moja kushoto na nyingine kulia, hujapata upana wowote. Masikio mawili yakisikia kitu kimoja kwa wakati mmoja, ubongo unakiweka katikati. Upana unatokana na zile tofauti ndogo za mkono wa binadamu.

Wapo wanaonakili kisha kuichelewesha nakala kwa milisekunde 15. Kwenye hedifoni inaonekana pana kweli. Kwenye spika moja ya bajaji mawimbi yanakutana, yanakatana, na gitaa linageuka bati. Keti upige mara ya pili. Kama mkono haujazoea, mazoezi ya siku mbili yanatosha, na wimbo mzima utanufaika.

## Hatua ya 6: Ekwalaiza, kutoa kabla ya kuweka

Kanuni tatu kwanza. Rekebisha huku vyombo vyote vikicheza, usimsikilize mmoja peke yake. Toa kinachosumbua kabla ya kuongeza kinachopendeza. Na kila unapolinganisha kabla na baada, hakikisha ukubwa wa sauti umebaki ule ule, kwa kuwa sikio linadanganyika: kilichopanda kidogo linakiona kizuri.

Magitaa. Uzi mnene wa gitaa ukipigwa wazi unatoa 82 Hz. Chini ya hapo kuna kishindo cha meza, mguu na mvumo tu. Weka chujio la kukata chini kuanzia 80 hadi 100 Hz. Mwanzoni utaona gitaa limepungua mwili. Washa besi icheze nalo, mwili unarudi, maana ule mwili ulikuwa wa besi siku zote. Juu, kata kuanzia 8 hadi 10 kHz (kHz moja ni Hz elfu moja). Kule hakuna gitaa, kuna mchanga, na mchanga huo unagombana na matoazi.

Kisha tafuta uji wenyewe. Unakaa kati ya 200 na 400 Hz. Tengeneza kilima chembamba cha +8 dB, kitembeze polepole humo mpaka usikie mvumo mbaya unaojaa chumba, kisha kigeuze kiwe bonde la −3 dB. Usichimbe zaidi ya hapo, gitaa litabaki mifupa.

Mwimbaji. Chujio la kukata chini kwenye 80 hadi 100 Hz, kwa sauti ya kike unaweza kufika 120. Kama amerekodi akiwa amekaribia sana maiki, punguza kidogo 200 hadi 300 Hz. Maneno yanajengwa kati ya 2 na 5 kHz, hapo unaweza kuongeza 2 dB.

Lakini kabla ya kuongeza, nenda kwenye kundi la magitaa na utoboe bonde pana la −2 au −3 dB kati ya 2 na 3 kHz. Mwimbaji atajitokeza bila kuguswa. Mara ya kwanza nilipolifanya hili nilidhani nimegusa feda yake kwa bahati mbaya.

Besi na kiki. Hawa wawili wanalala kitanda kimoja, mpe kila mmoja upande wake. Uzi wa chini wa besi ya nyuzi nne ni 41 Hz. Mwache mmoja atawale karibu na 60 Hz na mwingine kuanzia 80 hadi 100. Kwa kawaida naipa kiki 60, kisha napunguza 60 kidogo kwenye besi. Kiki pia inabeba sauti ya boksi kwenye 300 hadi 400 Hz, ondoa bila huruma, na ongeza kidogo kwenye 3 kHz ili kishindo cha nyundo kisikike hadi kwenye simu. Besi isiyosikika kwenye simu haihitaji besi zaidi, inahitaji 700 Hz hadi 1 kHz kidogo, au distoshoni kiasi.

Sneya mwili wake uko karibu na 200 Hz na mpasuko wake karibu na 5 kHz. Matoazi yakichoma masikio, tafuta sehemu inayochoma kati ya 3 na 6 kHz na uipunguze.

Hizi namba ni mahali pa kuanzia kutafuta. Sikio lako ndilo linaloamua mahali pa kusimama.

Umefaulu ukiona: ukizima ekwalaiza zote kwa pamoja, uji unarudi, ukiziwasha, ni kama mtu amefungua dirisha.

## Hatua ya 7: Kompresa

Kompresa inashusha sehemu zilizopanda sana ili sehemu za chini zisikike. Kwa roki, waimbaji wanapanda kutoka kunong'ona hadi kupiga kelele katika mstari mmoja, hivyo wao ndio wa kwanza.

Kwa mwimbaji anza na uwiano wa 4:1, kuanza kubana milisekunde 10, kuachia milisekunde 100. Teremsha kizingiti (kiwango ambacho sauti ikikivuka inaanza kubanwa) mpaka sindano ionyeshe inapunguza 3 hadi 6 dB kwenye sehemu za kelele. Besi itendee karibu hivyo hivyo.

Kwa dramu, chelewesha kuanza kubana hadi milisekunde 30, ili kishindo cha kwanza kipite kabla haijabana. Ukiiweka haraka sana, sneya inakuwa kama mtu anapiga mto.

Magitaa ya distoshoni hayahitaji kompresa. Distoshoni yenyewe imekwisha kuyabana.

Onyo: ukisikia wimbo unapumua kama mtu aliyekimbia, kila kiki ikipiga matoazi yanazama kisha yanaibuka, umebana kupita kiasi. Punguza nusu.

## Hatua ya 8: Mwangwi

Tengeneza traki moja ya mwangwi na uzitume sauti za vyombo humo kidogo kidogo. Usiweke plagini ya mwangwi kwenye kila traki, utakuwa umewaweka wanamuziki wako kila mtu ndani ya ukumbi tofauti.

Kata mwangwi wenyewe chini ya 250 Hz na juu ya 7 kHz. Uchelewe milisekunde 20 hadi 40 kabla ya kuanza, ili neno la mwimbaji litoke safi kwanza. Besi na kiki zisiende humo kabisa.

Kama unataka sauti inayojirudia, gawa 60,000 kwa kasi ya wimbo. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika unakupa milisekunde 500 kwa pigo moja.

Pandisha mwangwi mpaka uusikie, kisha shusha mpaka uwe huusikii. Ukiuzima na kuona wimbo umekauka, ulikuwa mahali pake.

## Hatua ya 9: Sogeza feda wimbo unapokwenda

Miksi haisimami mahali pamoja dakika nne nzima. Andika mabadiliko ya feda kwenye traki ya mwimbaji, mstari kwa mstari: neno lililozama lipandishe 1 au 2 dB, lililoruka lishushe. Ni kazi ya kuchosha na hakuna njia ya mkato, lakini hapa ndipo wimbo wa nyumbani unapoacha kusikika kama wa nyumbani.

Kwenye kiitikio pandisha kundi la magitaa 1 dB. Hata kabla ya hapo, kwenye ubeti, yashushe 1 dB. Msikilizaji hataona feda, atahisi tu mlango umefunguka.

## Hatua ya 10: Lala, kisha linganisha

Funga kompyuta. Kesho asubuhi weka wimbo wa kulinganishia ndani ya projekti, uushushe mpaka ukubwa wake uwe sawa na wako, maana wenye wimbo huo wameshaupitisha kwenye limita. Badilisha kati ya huu na ule kila baada ya sekunde kumi. Uliza maswali matatu: mwimbaji wao yuko mbele kiasi gani kuliko wangu? Besi yao ni nene kiasi gani? Matoazi yao yanachoma kama yangu?

Kisha toa faili la majaribio na uende nalo mitaani. Sikiliza kwenye simu jikoni huku chakula kikichemka. Sikiliza kwenye sabufa ya sebuleni, ambayo itakuambia ukweli kuhusu besi. Mwombe dereva wa bajaji auweke ukiwa safarini kwenda sokoni. Ukiyasikia maneno juu ya injini, mwimbaji amekaa sawa.

Andika tu, usirekebishe. Ukirudi, rekebisha yale yaliyojitokeza angalau sehemu mbili. Jambo lililosikika kwenye sabufa moja pekee huenda ni la sabufa hiyo.

## Hatua ya 11: Toa faili la mwisho

Sasa limita inaruhusiwa kwenye masta. Weka dari kwenye −1 dB na upandishe mpaka inapunguza 2 au 3 dB kwenye sehemu za kelele zaidi. Usiendelee. Spotify kwa kawaida inasawazisha nyimbo kwenye −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa wimbo mzima kama sikio linavyousikia), kwa hiyo wimbo uliokandamizwa ukawa mkubwa kupita kiasi utashushwa tu, na utafika kwa msikilizaji ukiwa umepoteza kishindo cha sneya bure.

Toa WAV ya biti 24 kwa kiwango kile kile ulichorekodia, iwe 44.1 au 48 kHz. Hiyo ndiyo nakala mama. MP3 ya 320 itengeneze kutoka kwayo, kwa ajili ya kugawa. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokyumenti, ili faili lifike kama lilivyo.

Kisha nakili folda nzima ya projekti, na traki zote, kwenye flashi mbili. Moja kaa nayo, nyingine mpe mpiga dramu akaiweke kwao.